Barazani Kwetu: Hofu Hupepetwa, Haifichwi



 Mwezi huu tumeona ni vyema tuzungumze juu ya jambo ambalo kila nyumba inalo na ni nyumba chache zinazolitaja, nalo ni hofu. Hatukusudii zile hofu ndogo ndogo, kama ya kuendesha gari siku ya kwanza ya theluji, au ya kufungua bahasha yenye muhuri wa serikali. Tunakusudia ile hofu kubwa ikaayo chini kabisa ya moyo, ambayo siku ya msiba huinuka ikaitawala nyumba nzima: nani atoke na saa ngapi, binti avae nini, na sala isaliwe wapi. Hofu ya namna hiyo iliitawala nyumba yetu hapa Woodbury kwa muda wa miezi mitatu, na tunaona haya kidogo kuisimulia. Lakini tukiificha tutakuwa tumelirudia kosa lile lile tunalotaka kuwatahadharisha wenzetu.

Wengi wenu mnaikumbuka Jumamosi ya tarehe 5 Agosti 2017. Alfajiri ya siku hiyo, saa kumi na moja na dakika chache, watu walikuwa wamekusanyika kwa ajili ya sala katika msikiti wa Dar Al-Farooq, mjini Bloomington. Dirisha la ofisi ya imamu likavunjwa, na ndani yake likatupwa bomu lililotengenezwa kwa bomba la plastiki na baruti, pamoja na mafuta ya kuwasha moto. Ofisi ikaharibika na moshi ukatanda. Alhamdulillah, hakufa mtu wala hakujeruhiwa mtu. Gavana wa Minnesota wa wakati ule, Mark Dayton, alifika kesho yake na kukiita kitendo kile ugaidi, na siku chache baadaye mamia ya watu wa dini mbalimbali walikusanyika pale msikitini kuonyesha kwamba wako pamoja na waumini.

Kutoka kwetu hadi Bloomington si mbali. Unaishika barabara ya 494, unavuka mto Mississippi, unapita karibu na uwanja wa ndege, na kwa kiasi cha nusu saa umekwisha fika. Hatukuwa watu wa msikiti ule kila siku, lakini tulikuwa tumewahi kufuturu pale na kusalia maiti pale. Asubuhi ile simu zililia mfululizo, kutoka Minneapolis, kutoka Columbus, na kabla ya adhuhuri kutoka Mombasa na Unguja. Kila aliyepiga alisema neno moja: jihadharini, kaeni nyumbani.

Nasi tukakaa nyumbani. Wiki ya kwanza tulisema tunangoja hali itulie. Wiki ya pili tulisema mafuta ya gari yamepanda. Shule zilipofunguliwa tukasema watoto wana kazi nyingi za nyumbani, kwa hiyo madrasa ya Jumamosi ingoje. Ilipofika Oktoba tukasema giza linaingia mapema. Kila sababu ilikuwa na chembe ya ukweli ndani yake, na hakuna hata moja iliyokuwa ndiyo sababu yenyewe. Hatukusikia mtu yeyote wa nyumba yetu akitamka, hata mara moja, kwamba anaogopa.

Mambo yaliendelea hivyo mpaka jioni moja binti yetu, aliyekuwa na umri wa miaka tisa, alipouliza akiwa mezani: "Mama, sisi tulifanya kosa gani msikitini hata hatwendi tena?"

Swali hilo lilitunyamazisha. Sisi tulidhani tunamficha hofu, kumbe tulikuwa tumemwachia nafasi tupu, naye akaijaza kwa hesabu yake mwenyewe. Watu wabaya wamefanya ubaya, na mtoto wetu ameona mkosaji ni yeye na wazazi wake. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Maradhi yetu yalifichuliwa na mtoto, na tunamshukuru Mola kwamba yalifichuliwa mapema.

Ndugu wasomaji, hebu tuangalie waliotupa bomu lile walikuwa wanataka nini. Mwezi wa Machi 2018 walikamatwa watu watatu kutoka kijijini huko jimbo la Illinois, waliosafiri usiku mwendo wa saa nyingi hadi hapa petu. Wawili walikiri makosa yao mwaka 2019, na baadaye wakatoa ushahidi dhidi ya kiongozi wao. Kiongozi huyo alitiwa hatiani mwezi wa Disemba 2020, na Septemba 2021 akahukumiwa kifungo cha miaka 53. Wenzake walihukumiwa Aprili 2022, mmoja karibu miaka 16, na mwingine kiasi cha miaka 14. Ushahidi uliotolewa mahakamani ulieleza wazi kusudio lao: walitaka kuwatia Waislamu hofu ili waone kwamba hawatakiwi na waihame nchi hii.

Basi baruti ilikuwa chombo tu. Bidhaa iliyokusudiwa kufikishwa ilikuwa hofu, na bidhaa hiyo ilifika mpaka Woodbury, ikapokelewa mlangoni, ikakaribishwa sebuleni, ikapewa chumba. Waliokuwa ndani ya msikiti siku ile, walioisikia sauti na kuuvuta moshi, wengi wao walirudi kusali pale pale. Sisi ambao hatukusikia lolote ndio tuliojifungia.

Hata hivyo hatutaki msomaji adhani kwamba tunaitukana hofu. Wazee wetu walitufundisha kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Hofu ni mlinzi aliyewekwa na Mwenyezi Mungu ndani ya mwanadamu, na mtu asiyeogopa kitu hufa mapema. Kazi yetu ni kujua ni hofu ipi ya kuisikiliza na ni ipi ya kuipinga. Hapa ndipo tulipokumbuka ungo wa mama zetu. Mchele wa zamani ulikuja na pumba, chuya na mawe. Mama alikaa na ungo kibarazani, akapepeta, kisha akachambua. Hakuutupa mchele wote kwa kuwa umeonekana mna mawe, wala hakuupika na mawe yake. Hofu nayo inataka kufanyiwa hivyo hivyo.

Ili jambo hili lieleweke vizuri, tuelekee kidogo Zanzibar. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama baharini karibu na Nungwi ikiwa njiani kutoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa imepakia watu wengi kupita kiasi kilichoruhusiwa. Maiti zaidi ya 200 zilipatikana, na mamia ya watu wengine hawakuonekana tena. Hata mwaka haujatimia, tarehe 18 Julai 2012, meli ya Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Kuna nyumba Pemba ambazo mpaka leo zinahesabu waliokosekana.

Shangazi yetu alikuwa Unguja wakati huo, na mama yake alikuwa mgonjwa Wete. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na shangazi alishtuka hata kwa kuitazama bahari kutoka Forodhani. Nauli ya ndege hakuwa nayo. Kwa wiki kadhaa alikuwa akituma fedha na dawa badala ya kwenda mwenyewe, mpaka siku aliyoambiwa kwamba mgonjwa ameacha kuuliza habari zake. Hapo akaamua. Alikwenda bandarini asubuhi, akasimama kando na kuhesabu watu wanavyopanda. Aliuliza jaketi za kuokolea ziko wapi, na alipoona jibu halieleweki na watu wanazidi kupanda, akaiacha meli ile iende na tiketi yake mkononi. Watu wakamcheka. Alirudi siku nyingine, akaona chombo kina nafasi, jaketi zinaonekana na mlango uko wazi, akapanda. Alituambia kwamba alitetemeka kutoka Malindi hadi Mkoani, na tasbihi yake haikupumzika. Alimkuta mama yake yu hai, akakaa naye siku 11, naye ndiye aliyemfumba macho.

Tazameni alivyopepeta. Hofu yake ilimwambia mambo mawili kwa pamoja: kwamba meli iliyojaa kupita kiasi huua, na kwamba bahari yote ni kaburi. La kwanza lilikuwa kweli, akalifanyia kazi, akaiacha meli iliyojaa bila ya kujali kicheko cha watu. La pili lilikuwa la kuzidisha, akalikataa kwa kupanda. Kama angeisikiliza hofu yote, mama yake angekufa bila ya kumwona. Na kama angeipuuza hofu yote, huenda angepanda ile iliyojaa. Ujasiri wake ulikuwa ndani ya kuchambua, na ulikuwepo ingawa mikono yake ilikuwa inatetemeka.

Jambo hili tunalo pia katika mafunzo ya dini yetu. Imepokewa kwamba usiku mmoja watu wa Madina walisikia sauti iliyowatisha, wakatoka kuelekea kule ilikotokea. Njiani wakamkuta Mtume wetu (S.A.W.) anarudi. Alikuwa amekwisha kuwatangulia peke yake, juu ya farasi wa Abu Talha asiye na tandiko, na upanga umening'inia shingoni mwake, naye akawatuliza wasiogope. Tunajifunza hapo mambo matatu. La kwanza, aliiendea sauti ili aijue ni nini, hakuingoja gizani ikue. La pili, hakwenda mikono mitupu, maana kumtegemea Mungu hakumzuii mtu kuchukua chombo chake. La tatu, alirudi kuwapa watu habari, ili hofu ya mji mzima ishuke. Na tusisahau kwamba wale watu wa Madina nao walikuwa wametoka majumbani mwao.

Basi usiku ule wa swali la binti yetu, watoto walipolala, tulichukua karatasi tukaiandika hofu yetu. Tunawaambia ukweli, kuandika kulikuwa kugumu kuliko tulivyotarajia. Lakini hofu ikiwa moyoni haina mwisho, na ikiwa juu ya karatasi hufika mstari wa mwisho.

Tuliigawa mafungu matatu. Fungu la kwanza lilikuwa la mambo ya kweli tunayoweza kuyafanyia jambo: kwamba msikiti unaweza kushambuliwa, kwamba hatukujua milango ya dharura iko wapi, na kwamba watoto hawakujua wakimbilie wapi tukipoteana. Fungu la pili lilikuwa la yale ambayo hofu iliyaongeza yenyewe: kwamba majirani wote wanatuchukia, na kwamba kila gari linalopita polepole linatutafuta. Tulipoandika hilo la majirani tulikumbuka kwamba wiki ile ile ya Agosti bibi mmoja wa nyumba ya pili alitujia na mkate wa ndizi, akasimama mlangoni asijue la kusema, na sisi tukaupokea mkate haraka tukafunga mlango. Tuliona aibu. Fungu la tatu lilikuwa la yale yasiyo mikononi mwetu: siku ya mtu kufa na mahali pake. Hayo tulimrudishia Mwenyewe.

Siku ya pili tukaanza na lile fungu la kwanza. Tulipiga simu kwenye msikiti tuliokuwa tukisali kwa kawaida, tukauliza juu ya milango, kamera na watu wa kulinda wakati wa sala. Hatukuchekwa, bali tuliambiwa kwamba tulikuwa wa kuuliza wengi. Kumbe kila nyumba ilikuwa imejifungia na hofu yake ikidhani ni yake peke yake. Tukakubaliana na familia nyingine mbili tuwe tukienda pamoja. Tukawaketisha watoto, tukawaeleza kwa maneno ya kadiri yao kilichotokea, tukamwambia binti yetu kwamba hakuna kosa alilolifanya, na kwamba baba na mama nao waliogopa.

Alfajiri ya kwanza tuliyorudi ilikuwa mwezi wa Novemba. Barafu ilikuwa imeganda juu ya vioo vya gari. Tulipofika hatukuteremka mara moja, tulibaki tumekaa na injini inanguruma, na moyo unakwenda mbio. Gari la wenzetu likafika, wakateremka, nasi tukateremka. Tulisali na masikio yetu yako kwenye dirisha, na tunamwomba Mungu aikubali sala ile pamoja na upungufu wake. Hakuna lililotokea. Mzee mmoja wa Kisomali alitutilia chai ya maziwa kutoka kwenye chupa yake, akatuuliza watoto wanasoma juzuu ya ngapi. Binti yetu alikuwa amelala kwenye zulia.

Wiki ya pili moyo ulikwenda mbio kidogo zaidi ya kawaida. Wiki ya sita hatukumbuki ulikwendaje. Hili ndilo tulilotaka kulisema mwezi huu: tulikuwa tunangoja nguvu zije ndipo twende, kumbe nguvu zilikuwa zikitungoja kule tunakokwenda. Hazikuja kabla ya hatua ya kwanza. Zilikuja baada yake, kidogo kidogo, kama mshahara ulipwao baada ya kazi.

Mshahara huo tuliuhitaji baadaye. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga misikiti, wengi wa mama zetu na dada zetu wanaofanya kazi katika nyumba za wazee na mahospitali walilazimika kutoka kila siku kwenda kwenye hofu wakati wengine wameambiwa wakae ndani. Nao walichambua vile vile: barakoa, kunawa, nguo za kazi zivuliwe mlangoni, na lililobaki kwa Mungu. Ramadhani ya mwaka huo, katika mtaa wa Cedar-Riverside mjini Minneapolis, adhana ilisomwa kwa kipaza sauti mara tano kwa siku kutoka msikiti wa Dar Al-Hijrah, ili waliofungiwa majumbani waisikie. Mwezi wa Aprili 2023, Baraza la Jiji la Minneapolis lilipitisha kwamba adhana inaweza kutolewa kwa sauti kwa sala zote tano, ikiwemo ya Alfajiri. Bomu lilitupwa saa ya Alfajiri ili watu wanyamaze. Haikupita miaka sita, na katika jiji lililo jirani na Bloomington sauti ya Alfajiri ikaruhusiwa kusikika barabarani. Jambo hilo lilifanywa na watu walioogopa kama sisi, lakini wakahudhuria vikao, wakazungumza, na wakaendelea kufungua milango ya misikiti yao.

Kabla ya kumaliza tunatoa nasaha chache kwa wazazi wenzetu.

Kwanza, itajeni hofu kwa jina lake mbele ya watoto, kwa kiasi cha umri wao. Mtoto asiyeambiwa hujiambia mwenyewe, na ajiambialo huwa baya zaidi.

Pili, ichambueni kwa maandishi, lenye ukweli lifanyiwe kazi, na lililozidishwa lipingwe. Mtume (S.A.W.) alimfundisha yule bedui amfunge ngamia wake kisha ategemee. Kuuliza mlango wa dharura uko wapi ni kufunga ngamia.

Tatu, msiiendee hofu peke yenu. Nyumba mbili au tatu zikikubaliana, hofu hugawanyika.

Nne, anzeni na hatua ndogo, tena iwe na siku yake. Ahadi ya "tutakwenda hali ikitulia" ndiyo iliyotula miezi mitatu.

Tano, wapo miongoni mwetu waliopita katika vita, kambi na safari ambazo hatuwezi kuzisimulia hapa. Ikiwa mtu halali, anashtuka usiku, kifua kinabana, au yaliyopita yanamrudia kama yanatokea leo, hayo ni maradhi kama maradhi mengine, na kuyatibu si upungufu wa imani. Aende kwa daktari, aombe mkalimani, maana ni haki yake. Na aliyezidiwa kiasi cha kuichoka dunia, au jamaa yake, apige simu namba 988, ambayo hupokelewa mchana na usiku nchini kote.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atukinge na woga na uvivu, awalinde watoto wetu, na aziweke nyumba zake wazi daima kwa wenye kuziendea. Awarehemu wote waliopotea katika bahari yetu, na awape subira wanaowangoja.

Tukutane mwezi ujao, inshaAllah. Wabillahi tawfiq, wassalaamu alaykum.